Mwenda Jean-Bosco: gitaa moja la Likasi lililovuka mipaka

LIKASI, Haut-Katanga – Mwaka 1952, muji huu ulipokuwa ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimsikia kijana akipiga gitaa barabarani. Alikuwa Mwenda Jean-Bosco, mwenye umri wa miaka ipatayo 22. Tracey akamrekodi, na hapo ndipo safari yake ya santuri ilipoanzia.

Jadotville ilikuwa muji wa migodi ya Union Minière. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, kila mutu na lugha ya kwao, na Kiswahili kiliwaunganisha kazini na katika kambi. Mwenda aliimba katika Kiswahili hicho, mambo ya muji na ya watu wake. Kama vile waimbaji wa blues wa Marekani, alihitaji sauti yake na gitaa moja tu.

Siri ilikuwa katika vidole viwili. Dole gumba lilishika nyuzi nene za chini, kidole cha shahada kikapiga sauti za juu, na msikilizaji alidhani wapigaji ni wawili. Wimbo wake "Masanga" ulipewa tuzo ya Osborn kama muziki bora wa Kiafrika wa mwaka 1952. Wasomi wa Ulaya wakauandika kwa noti ili wauchunguze.

Santuri zilitangulia, mwenyewe akafuata. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, ambako alisikika redioni na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza mtindo wake. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Leo rekodi za Tracey zimetunzwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sauti ya kijana yule imepona kwa sababu mutu mmoja alipita na mashine. Wapigaji wengine wa barabara zilezile hawakupata bahati hiyo, na waliowasikia ni wazee sasa. Siku hizi mashine ya kurekodi iko ndani ya simu za vijana wa Likasi. Wazee hao wangali na nyimbo za kuimba, ila muda haungoji.