Nafasi ya Strigolaktoni katika Uhusiano wa Kiduha na Mazao ya Nafaka: Hoja kwa Udongo wa Babati

Kiduha ni gugu-kimelea linaloshambulia mizizi ya mahindi, mtama na ulezi. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na ikishaota hufa baada ya siku chache isipoupata mzizi wa mwenyeji. Kwa hiyo husubiri ardhini, pengine kwa zaidi ya miaka 10, hadi ipokee ishara ya kikemia kwamba mzizi u karibu.

Ishara hiyo hutokana na homoni za mimea ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza, strigoli, ilitangazwa mwaka 1966 baada ya kupatikana katika majimaji ya mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakilishambulii. Swali likawa: kwa nini mmea umwite adui? Jibu lilipatikana mwaka 2005, ilipothibitika kwamba strigolaktoni huchochea kuvu wa mikoriza kutawanya nyuzi zao na kuungana na mizizi, wakiupatia mmea fosforasi. Mwaka 2008 ilibainika pia kwamba ndani ya mmea homoni hizo huzuia machipukizi ya pembeni. Mwito huo, basi, humlenga rafiki. Kiduha huudukiza tu.

Mmea wenye upungufu wa fosforasi hutoa strigolaktoni kwa wingi zaidi. Hivyo shamba lililochoka huathirika mara mbili: zao hudhoofika, na papo hapo huamsha mbegu nyingi zaidi za kimelea. Hoja hii ina uzito wa pekee wilayani Babati, ambako fosfati ya Minjingu huchimbwa. Mbolea ya fosforasi hulisha zao na pia hupunguza mwito. Mseto wa mahindi na mbaazi, uliozoeleka Babati, una faida yake: mbaazi si mwenyeji wa kiduha, na huongeza nitrojeni udongoni.

Hata hivyo, mbolea haiondoi mbegu zilizokwisha kulala ardhini. Kung'oa kiduha kabla hakijazaa mbegu hubaki kuwa lazima. Kwa upande wa mbegu bora, mtama wa Hakika na Wahi, ulioidhinishwa Tanzania mwaka 2002, huchochea uotaji wa kiduha kwa kiwango kidogo. Utafiti wa mwaka 2017 kuhusu jeni LGS1 ulionyesha kwamba jeni hiyo isipofanya kazi, mtama hutoa orobankoli badala ya 5-deoksistrigoli, ambayo ndiyo kichocheo kikali zaidi. Mtama wa namna hiyo haunyamazi, bali hubadili aina ya ishara. Tofauti hiyo ni ya msingi kwa watafiti wa mbegu, kwani kuizima ishara yote kungeweza kumfukuza adui pamoja na rafiki.