Mikrobi Zisizoogopa Dawa

Tukitembelea vijiji vya misioni, mara nyingi twasikia neno hili: «Padri, mwili wangu umezoea dawa, unipe ya nguvu zaidi.» Neno hilo si kweli. Kilichobadilika si mwili wa mgonjwa, bali ni mikrobi iliyo ndani yake. Yafaa tueleze jambo hili vizuri, kwani katika misioni nyingi ufunguo wa kabati ya dawa u mkononi mwa padri.

Bakteri ni mikrobi inayojigawa mbili, na mbili zikawa nne, hata kwa siku moja zafika mamilioni. Katika kuzaana huku, mara chache hutokea moja iliyogeuka kidogo, na dawa haiidhuru. Dawa haikuifundisha. Joshua na Esther Lederberg, wataalamu wa Marekani, walionyesha mwaka 1952 kwamba bakteri za namna hii huwapo hata kabla ya kukutana na dawa. Lakini dawa ikiisha kuua wenzake wote, yeye abaki peke yake na shamba lote ni lake. Wanafunzi wetu wa filosofia watatofautisha vema: dawa si chanzo cha kuzaliwa kwake, ni chanzo cha kutawala kwake.

Tena kuna jambo baya zaidi. Katika miaka ya 1950 waganga wa Japani waliona kuhara damu kusikoponywa na dawa nne kwa pamoja. Wakagundua ya kuwa bakteri moja yaweza kumpa nyingine silaha zake, hata isiyo ya jamaa yake, humo humo tumboni. Basi mtu anayemeza antibiotiki kwa ajili ya mafua hapati faida yo yote, kwani mafua yatoka kwa virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Lakini bakteri za tumbo lake zimechujwa, na zile zilizobaki zaweza kuwapa silaha adui watakaokuja kesho.

Twaona matunda yake kwetu. Mwaka 1979 kuhara damu kulianza mashariki mwa nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, kukaenea Rwanda na Burundi. Tetrasiklini haikufaa. Waganga wakashika kotrimoksazoli. Karibu na mwisho wa mwaka 1981 nayo ikaanza kushindwa. Wakashika asidi nalidiksiki. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, ilikuja kolera, halafu kuhara damu, na asidi nalidiksiki nayo ilikuwa imekwisha nguvu. Katika mwezi ule wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Hatusemi kwamba wote waliuawa na ukaidi wa mikrobi: maji safi yalikosekana, na hilo ndilo lililoua wengi. Lakini mganga asiye na dawa inayofaa afanye nini?

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya tangu 1945 juu ya mtu anayejinunulia dawa na kumeza kidogo tu, kiasi kisichotosha kuua mikrobi. Ndivyo tuonavyo sokoni: kapsule mbili leo, moja kesho kama feza ikipatikana, halafu basi. Hatuwacheki maskini, bei ya dawa kamili ni mzigo. Lakini sisi tusigawanye dawa zilizobaki kabatini kana kwamba ni pipi. Mgonjwa apelekwe kwa infirmiye, na akiandikiwa siku tano, parokia imsaidie kupata za siku tano.

Mwaka 2019 peke yake, watu karibu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu bakteri zao zilishinda dawa.

Kwa mgonjwa wa kolera, cha kwanza ni maji yaliyochemshwa, yaliyotiwa sukari na chumvi kwa kipimo, anyweshwe pole pole bila kukoma huku akipelekwa hospitali. Maji hayo hakuna mikrobi iliyojua kuyashinda.