Mabomba madogo ya sulfiri, na gazi tunayoijua

Wandugu wa mugodi, sulfiri munaijua. Kule juu munapata malakiti ya kijani. Mukishuka sana, njo munakuta majiwe ya kungaa: shaba iliyoshikana na kiberiti, ile Wafaransa wanaita soufre. Kipushi ni vilevile, hata zinki yake imefungana na kiberiti.

Mu mwaka 1992, Reshef Tenne na wenzake wa Weizmann Institute, kule Israeli, walionyesha kama metali na kiberiti vinaweza kujikunja na kuwa bomba. Si bomba ya maji: unywele mumoja ni munene kuipita mara mia nyingi.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Wanachukua unga wa oksidi ya tungsteni, metali inayotoka mu wolframiti, jiwe nyeusi ambayo ndugu zetu wa Kivu na Maniema wanachimba. Wanautia mu furu, kupita degre 800, na wanapitisha idrojeni pamoja na gazi ya H2S. Unga unakuwa sawa sindano ndogo. Oksijeni inatoka, kiberiti kinakamata nafasi yake, kuanzia inje mpaka ndani, tabaka juu ya tabaka. Katikati kunabakia wazi.

Tabaka hizo zinateleza. Makanisye wetu wanajua: grese nyeusi ya mashini nzito mara nyingi iko na sulfiri ya molibdeni. Mabomba hayo nayo yanapunguza musuguano, na yanatia nguvu mu plastiki.

Lakini ile H2S ni ya kwetu pia. Viwanda vinavyosafisha majiwe ya oksidi vinatumia NaHS ili shaba ielee. NaHS ikikutana na aside, H2S inatoka. Inanuka sawa mayai ya kuoza. Ikifika sehemu 100 ku milioni ya hewa, pua inakufa ganzi, na mutu anawaza hatari imekwisha. Kumbe njo imeanza. Tena ni nzito kuliko hewa, inalala mu mashimo na mu matanki.

Mu laboratwari, juu ya gramu kidogo tu, furu inafungwa muzuri na gazi inayobaki inanaswa mbele ya kutoka inje. Basi, muulize delege wenu: detektere ya gazi iko ku kifua cha kila mufanyakazi? NaHS na aside vinawekwa mbali? Maski za hewa ziko karibu? Na mwenzako akianguka mu tanki, usishuke bila maski. Ita watu kwanza.