Gazi isiyorudi: kutafuta kosa kwa njia ya fonolojia

Katika fonolojia tunabadilisha sauti moja tu, nyingine zikibaki: «pata», «bata». Njia hiyo yafaa pia kwa pikipiki ya zamani ambayo gazi yake hairudi ukiiachilia.

Zima injini, zungusha mkono wa gazi, uachilie. Ukisita, geuza usukani kushoto, kisha kulia. Ukisita upande mmoja tu, kable imebanwa au imepinda njiani. Ukisita pande zote, toa kable kwenye mkono. Mkono ukiwa bado mzito, kosa ni lake: usafishe. Ukiwa mwepesi, toa kable kwenye kabureta pia, uvute waya wake kwa vidole. Ukikwaruza, tia mafuta mepesi. Nyuzi zikiwa zimekatika, nunua mpya. Ukiteleza vizuri, tazama kabureta: uchafu, au springi iliyochoka.

Katika Yamaha nyingi za zamani za mipigo miwili, kable inagawanyika: tawi moja linakwenda kwenye kabureta, jingine kwenye pampu ya oili. Pima yote mawili.

Gazi ikikwama barabarani, shika ambreyaji, zima kontakti, ndipo ufunge freni. Mteremkoni hakuna jaribio la pili.