Mfuko ulioandikwa "unaoza": tumechimba, haujaoza

Mwezi huu nawaletea habari ya kavera, na naanza kwa kuomba msamaha.

Mwaka jana, katika mkutano wa wazazi pale shuleni, niliinua mfuko mmoja niliopewa dukani mjini. Ulikuwa na maandishi ya Kiingereza kwamba unaoza wenyewe. Nikawatafsiria, nikasema mfuko huu hauna shida, hata ukiufukia shambani utageuka udongo. Mama mmoja wa kijiji chetu alinisikia vizuri. Alikusanya mifuko ya aina hiyo, akaotesha ndani yake miche ya nyanya, halafu wakati wa kuhamisha akaifukia yote pamoja na miche. Miezi baadaye alinijia nyumbani, jembe begani, kavera mkononi, mizizi imejisokota ndani kama uzi. "Mwalimu, ulisema itaoza. Mbona iko vile vile? Nyanya zangu zilikosa mahali pa kupita."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma maandishi ya mfuko tu, basi.

Nikachukua mfuko kama ule na wanafunzi wa darasa la sita, tukaukata katikati. Nusu moja tuliifukia nyuma ya darasa, pamoja na kipande cha jani la mgomba. Nusu ya pili tuliipigilia misumari juu ya paa, jua limpate vizuri. Tulingoja miezi minne. Jani tulilitafuta hatukuliona. Kavera ya udongoni tuliipangusa, maandishi bado yanasomeka. Ile ya juu ya paa ilikuwa imekauka, ukiigusa inabomoka vipande vidogo vidogo. Watoto wakapiga makofi: "Mwalimu, imeoza!"

Hapana. Imevunjika. Kuvunjika na kuoza ni vitu viwili, na hapo ndipo nilipowakosea.

Plastiki ya kavera inatengenezwa kutoka mafuta ya ardhini au gesi. Ndani yake ni kama shanga nyingi sana zilizotungwa kwenye uzi mmoja mrefu. Vijidudu vya udongoni, vile vinavyokula jani la mgomba au mti uliolala, haviwezi kuukata uzi ule kwa urahisi. Jua linaweza. Ndiyo maana beseni likiachwa nje linapasuka. Hata turubai za nyumba zetu, ambazo kiwandani hutiwa dawa ya kukinga jua, mnajua wenyewe zinakuwaje zikikaa.

Wataalamu waliona nguvu hiyo ya jua wakataka kuitumia. Miaka ya 1970 Profesa James Guillet, wa Chuo Kikuu cha Toronto kule Kanada, alitengeneza plastiki yenye viungo dhaifu kwenye uzi wake, vinavyokatika vikipigwa na jua. Wengine wakaongeza madini kidogo, kama chuma, manganizi au kobalti, ili plastiki iliwe na hewa upesi zaidi. Mifuko mingi iliyouzwa kwa jina la "kuoza" ni ya namna hiyo. Lakini chini ya udongo hakuna jua, na hewa ni kidogo.

Huko Uingereza, Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walifanya kama sisi, ila kwa uvumilivu zaidi. Walichukua mifuko ya aina tano, mingine wakaifukia, mingine baharini, mingine wakaitundika nje. Matokeo yakatoka mwaka 2019. Iliyotundikwa nje ilivunjika vipande ndani ya miezi tisa. Lakini baada ya miaka mitatu kwenye udongo au bahari, mfuko ulioitwa wa kuoza ulikuwa bado unabeba bidhaa za sokoni! Umoja wa Ulaya wenyewe ulipiga marufuku zile plastiki za kutiwa dawa ya kuvunjika, kuanzia Julai 2021.

Sasa, plastiki ya kuoza kweli ipo? Ipo. Mwaka 1926, huko Paris, Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur aligundua kwamba kuna bakteria wanaoweka akiba mwilini, kama sisi tunavyoweka mafuta, na akiba hiyo ni aina ya plastiki. Kwa kuwa imetoka kwa vijidudu, vijidudu vingine wanaijua kama chakula. Shida yake ni bei. Nyingine inatengenezwa kwa sukari ya mahindi, lakini hiyo inataka joto la karibu nyuzi 60 ili ioze vizuri, yaani mitambo maalum ya mbolea. Shimo letu la takataka halifiki huko.

Utafiti unaendelea. Mwaka 2021 Wachina walitangaza plastiki inayoisha kwa jua na hewa katika wiki moja hivi, bila kuacha vipande. Mimi nikajiuliza, mfuko wa wiki moja utafikisha maharage ya mgawo nyumbani? Wenyewe wanaifikiria zaidi kwa vitu vya ndani ya simu, ambako jua halifiki mpaka simu ivunjwe. Na Novemba 2024 kikundi cha Takuzo Aida, wa taasisi ya RIKEN huko Japani, kilionyesha plastiki inayoyeyuka katika maji ya chumvi. Ikiwekwa udongoni inaisha kwa siku kumi, na inaacha fosforasi na nitrojeni, ambazo mimea inazipenda. Hiyo ingemfaa yule mama. Lakini bado ni habari ya maabara, haijafika kwenye maduka yetu.

Kwa hiyo wazazi, msifukie kavera yoyote shambani kwa sababu ya maandishi yake, hata kama ni mwalimu aliyewasomea. Kwa miche, kunja jani kavu la mgomba, funga kwa kamba yake, panda nalo. Mama yule sasa anafanya hivyo, na kwa kweli ndiye aliyetufundisha sisi darasani.

Nusu ile ya juu ya paa ilituachia kazi. Upepo uliangusha vipande kwenye mchicha wa shule, na kuku wakaanza kuvidonoa. Darasa la sita wanaviokota kila Ijumaa, wanavitia kwenye chupa. Chupa ipo dirishani. Mzazi anayetaka kuiona apite tu, asubuhi tupo.