Pua ya Panya Buku

Panya buku unamjua. Ndiye anayebeba karanga zako mashavuni usiku. Macho yake hayaoni vizuri. Anategemea pua.

Mmoja aliponaswa mtegoni hapa Kilwa nilimpasua. Ndani ya pua mna mifupa myembamba kama karatasi, imejikunjakunja. Imefunikwa na utando wenye ute. Vumbi hunasa kwenye ute. Utando wa nyuma ndio unaopokea harufu, na kwa sababu ya mikunjo ile ni mpana sana. Kisha hewa hushuka katika bomba lenye pete za gegedu, lisibonyee. Pafu la kushoto ni kipande kimoja. La kulia lina vinne.

Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya hawa kunusa. Wengine walitafuta mabomu yaliyotegwa ardhini kwa jirani zetu wa Msumbiji. Tangu 2007 wengine hunusa makohozi ya wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Akionyesha moja, mtaalamu huipima tena.

Lakini makohozi hutolewa zahanati. Ukikohoa wiki mbili, usingoje. Nenda.