Kinanda cha Kabatini Hakimfunzi Mtoto

Jumamosi moja, katika shule moja ya Eastlands ambayo sitaitaja kwa jina, nilishuhudia jambo ambalo limenikaa moyoni hadi leo. Wanakwaya walikuwa wamejipanga wakingoja kupewa sauti ya kuanzia. Mbele yao aliketi msichana wa kidato cha nne aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa utendaji katika somo la Muziki. Kinanda alichokikalia kilikuwa kipya, nacho kilinunuliwa kwa michango ya wazazi ambao wengi wao ni wachuuzi na vibarua. Adapta yake ya asili ilikuwa imepotea, na mwalimu mmoja alikuwa amenunua nyingine mtaani kwa bei nafuu. Alipoichomeka ukutani, taa ndogo iliwaka mara moja, ikazimika, na harufu ya plastiki inayoungua ikajaa darasani.

Kinanda kilirudishwa kabatini na hakikutoka tena muhula ule. Msichana yule, ambaye vidole vyake vilikuwa vimezoea kazi hiyo kwa miaka mitatu, alilazimika kuufanya mtihani wake kwa kuimba.

Sikisimulii kisa hiki kwa nia ya kumcheka mwalimu yule, kwani alitenda alivyojua. Nakisimulia kwa sababu shule nyingi, makanisa na vikundi vya vijana kutoka Kaloleni hadi Kayole hununua vinanda kwa njia ile ile. Kamati huenda barabara ya Luthuli, huvutiwa na kinanda chenye sauti mia sita na taa zinazometameta, hulipa, na kurudi nyumbani kwa shangwe. Maswali matatu ya maana hayaulizwi kamwe: kitalishwa nini, kitabebwa na nani, na kitakapoharibika kitatengenezwa na nani?

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kinanda cha kawaida cha umeme huja na sauti zilizokwisha kutengenezwa kiwandani. Mchezaji huchagua tu. Sinthesaiza, kwa upande mwingine, humruhusu mchezaji kuiunda sauti yenyewe: kuinoa, kuifanya butu, kuifanya ianze polepole au ikatike ghafla. Mmarekani Robert Moog alipoanza kuunda mitambo yake mwaka wa 1964, ilikuwa mikubwa na ya gharama isiyosemeka. Mwaka wa 1980 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa Casiotone 201, kinanda chake cha kwanza cha elektroniki, na tangu hapo vyombo vya aina hii vikazidi kupungua uzito na bei. Leo mwanafunzi anaweza kukibeba kimoja kwapani kutoka Umoja hadi Jericho.

Tuanze na chakula chake. Stima ya Nairobi twaijua tabia zake. Mnamo Agosti 25, 2023 takriban nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na Desemba mwaka huo huo giza likarudi. Mbali na misiba hiyo ya kitaifa, kuna mitaa ambamo stima kukatika ni desturi, na kumbi ambazo soketi ya pekee iko upande wa pili wa jukwaa. Kwa hivyo, kinanda kisichotumia mawe hakifai shule ya Eastlands, hata kiwe kitamu namna gani.

Hata hivyo, mawe nayo yana daraja zake. Vinanda vingi vya zamani vilikula mawe sita makubwa, yale ya tochi. Vingi vya sasa hutumia sita madogo, yale ya rimoti. Jiwe moja la kawaida lina volti 1.5, na sita hutoa volti 9. Mawe ya kuchajiwa yana volti 1.2 tu, yaani 7.2 kwa sita. Baadhi ya vinanda hukubali upungufu huo, na vingine hugoma au hupoteza saa nyingi za kazi. Kabla ya kununua, soma kijitabu cha maelekezo uone kama mawe ya kuchajiwa yanaruhusiwa. Yakiruhusiwa, nunua seti mbili pamoja na chaja, na baada ya muhula mmoja au miwili utakuwa umeokoa fedha nyingi.

Tofauti ya ulaji si ndogo. Sinthesaiza ndogo za Yamaha ziitwazo Reface, zilizotolewa mwaka wa 2015, zina uzito usiofika kilo 2 na sauti zake zinasifiwa na mabingwa, lakini mawe yake sita huisha kwa takriban saa tano. Vinanda vya Casio CT-S200 na CT-S300, vilivyotolewa mwaka wa 2019, vina uzito wa kilo 3.3 na mpini wa kubebea, na mawe sita ya aina ile ile huviendesha kwa takriban saa 16. Havimpi mchezaji uhuru wa kuiunda sauti kama sinthesaiza halisi. Walakini, kwa kwaya inayofanya mazoezi saa mbili kila Jumamosi, saa 16 ni miezi miwili na saa tano haifiki majuma matatu. Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuamua, wala si wingi wa taa.

Sasa turudi kwa ile harufu ya plastiki. Watu wengi hudhani kwamba adapta ikiingia shimoni basi ni sawa. La hasha! Vinanda vingi vya zamani vya Casio vilihitaji volti 9 huku ncha ya katikati ya plagi ikiwa hasi, ilhali vingi vya Yamaha huhitaji volti 12 na ncha chanya. Ukizibadilisha, waweza kukiua chombo kwa nukta moja. Dawa yake ni rahisi: karibu na shimo la adapta huwa kumechorwa alama ndogo ya duara yenye ishara za chanya na hasi. Ilinganishe na ile iliyo kwenye adapta. Kisha andika volti hizo kwa rangi nyeupe mgongoni mwa kinanda ili kila atakayekishika asome.

Swali la pili ni la ubebaji na uimara. Kinanda chenye vitufe 61 vya ukubwa kamili huwa na urefu wa karibu mita moja. Hicho bado chaingia ndani ya matatu kikisimamishwa kati ya magoti. Vyenye vitufe vidogo huingia hata mkobani, lakini vidole vya mwanafunzi aliyevizoea hupotea anapokutana na piano halisi. Kwa yule anayejiandaa kwa mtihani, vitufe vya ukubwa kamili ni lazima, na vyema viwe vyenye kuhisi nguvu ya kidole, ili wimbo uwe na kupanda na kushuka. Hapo ndipo CT-S300 inapomzidi ndugu yake CT-S200, ambayo hutoa sauti ya kimo kimoja hata uipige kwa ngumi.

Unaponunua cha mtumba, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, polepole na kwa nguvu. Kitufe kinachonyamaza aghalabu huwa kimeingiwa na vumbi chini ya mpira wake. Fundi mzuri hufungua, hupangusa na kurudisha. Lakini kama vingi vimenyamaza, mwachie muuzaji mali yake. Fungua pia kifuniko cha mawe. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani kwenye springi, jua kwamba mawe yalivuja humo na huenda maji yake yamekwisha kula waya. Shule zetu hufanya kosa hilo kila likizo: mawe huachwa ndani kuanzia Novemba hadi Januari. Yatoe!

Tusisahau tundu la kusikilizia masikioni. Katika nyumba za chumba kimoja ambako ukuta ni wa kushirikiana na jirani, mwanafunzi asiye na vifaa vya masikioni hana saa ya kufanya mazoezi. Akiwa navyo, ana usiku mzima.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa, kwamba simu ina programu za kinanda za bure. Ni kweli, na kwa kujifunza majina ya noti simu yatosha. Lakini kioo hakimfunzi mtu uzito wa kidole. Wengine watasema tuwafunze watoto vyombo visivyohitaji umeme kabisa. Nao wana hoja: kule Korogocho, kikundi cha Ghetto Classics kimewafunza watoto fidla na tarumbeta kwa zaidi ya mwongo mmoja, na fidla haiulizi kama stima ipo. Mimi nasema tu kwamba maadamu shule imeamua kununua kinanda, basi inunue kitakachofanya kazi.

Anayetilia shaka thamani ya kinanda cha mawe na amtazame Hailu Mergia. Mwethiopia huyu alikuwa mpiga kinanda maarufu wa bendi ya Walias huko Addis Ababa, kisha akahamia Marekani na kwa miaka mingi akaendesha teksi jijini Washington. Ndani ya buti la gari alibeba kinanda cha mawe. Alipokuwa akingoja abiria uwanjani mwa ndege, alikitoa, akaketi garini na kufanya mazoezi. Mwaka wa 2013 albamu yake ya 1985 ilitolewa upya, ulimwengu ukamkumbuka, naye akarudi jukwaani na vidole vyake vikiwa havijashika kutu. Kama chombo chake kingekuwa cha kuchomekwa ukutani, ni mazoezi gani angefanya mle garini?

Walimu wenzangu, ombi langu ni hili. Kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, andikeni yale maswali matatu ubaoni. Mkishanunua, mteueni mwalimu mmoja wa kukitunza na daftari la kuandika nani amekichukua na lini. Kisha kiacheni kitoke! Kinanda kilichokwaruzika kwa kubebwa na watoto arubaini kimelipa gharama yake, ilhali kile kinachong'aa ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli ni deni.

Nanyi wanafunzi, msione haya kukidai. Ni jasho la wazazi wenu. Wahenga walisema cha rahisi ni ghali, na adapta ile ya bei nafuu ilimgharimu msichana mmoja kazi ya miaka mitatu. Isiwe hivyo kwa mwingine.